Vanishi Kwenye Meno ya Kadi

Mtaalamu alikuja amevaa tai. Naanza na tai kwa sababu daftari langu la siku ile limeanza nayo, na kwa sababu mwezi wa pili, Temeke, ndani ya stoo ya vipuri yenye bati juu na isiyo na dari, mtu aliyejifunga tai ama anakwenda mahakamani ama kuna kitu anaficha. Ndivyo nilivyoandika. Leo nikisoma naona huenda nilimwonea. Labda alitoka mahali palipotaka tai kabla ya kufika kwetu. Sikumuuliza. Lakini mistari ile ipo, na siwezi kuifuta nikajifanya kwamba sikuidharau ile tai tangu ilipoingia mlangoni.

Lilikuwa shirika la umma, kazi yake kutunza na kugawa vipuri vya malori. Halafu ukaja msimu wa kuuza mashirika, nalo likauzwa, geti likapakwa rangi mpya na watu wakapunguzwa. Stoo tulikuwa kumi na wanne. Tukabaki wawili: mie, na mama mmoja aliyekuwa mpiga chapa zamani, sasa kazi yake ni kuingiza vipuri kwenye kompyuta, kilichoingia na kilichotoka. Mama huyu ni mwenyeji wa Temeke, bibi zake wote wamezikwa hapo hapo, na ulimi wake ulikuwa wa watu wa pale, haupigi kelele lakini unakata. Nilikuwa namwamkia shikamoo kila asubuhi, na akishaitikia marahaba, heshima yake kwa siku ile ilikuwa imekwisha. Yaliyobaki ni masimango mpaka jioni.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya zamani, nzito kama gunia la sukari, na ilitumia Unix. Kwa asiyejua, Unix ni mfumo usio na mapicha. Unawasha, inakuletea maandishi ya kijani, halafu inanyamaza inakungoja useme unachotaka. Ukikosea herufi moja inakujibu kwa mkato, kama karani wa dirishani saa sita kasorobo. Aliyeifunga enzi za shirika alichukua kiinua mgongo chake akaenda kufuga kuku Bunju, akaniachia kijitabu cha amri alichokiandika kwa mkono wake. Mie niliishia darasa la saba, na nyongeza ya masomo ya jioni ambayo sikuyamaliza. Kile kijitabu nilikihifadhi kama nilivyohifadhi juzuu utotoni: natamka yote bila kukosea, maana yake siijui. Lakini mashine ilikuwa inaniitikia, na kwenye karatasi ya meneja niliandikwa mtunza mashine. Sijui kama nilistahili. Hakukuwa na mwingine.

Meneja mpya alikuwa mtu wa bara, mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kusema mambo mazito kwa sauti ya kuomba chumvi. Alikuja na kompyuta mpya mbili nyeupe, moja ya mezani kwake, moja ya uhasibu. Kwa wiki ya kwanza, na hili nimeliona kwa macho yangu, zilichezewa karata. Sisemi wakati wote. Nilipita mara nne, mara tatu nikakuta karata. Basi wenye mali wakatoa habari kwamba watakuja mwisho wa mwezi, na wanataka waone hesabu ya stoo pale pale mezani kwa meneja, bila mtu kupanda ngazi na makaratasi. Ndipo ikaja habari ya kadi ya mtandao: kipande cha kuchomekwa ndani ya mashine yetu ya zamani, kitoke waya, waya uende kwenye zile mpya, zisomane.

Meneja akaja mwenyewe stoo kunieleza. Aliongea amesimama, mikono nyuma.

"Dada, sikufichi. Mashine hii ikiweza kuongea na zile, inabaki, na wewe unabaki kuitunza. Isipoweza tunaiondoa, na sitakuwa na pa kukuweka."

Nilimshukuru kwa kuniambia. Baadaye nilijicheka kwa kumshukuru, lakini hata leo naona alinitendea haki. Wengine kumi na wawili walisoma majina yao ubaoni. Nyumbani nilikuwa na watoto wawili, na mume aliyekwisha punguzwa kwao tangu mwaka uliotangulia, anashinda barazani akitengeneza redio ambazo nilikuwa nasema hakuna anayezileta. Zilikuwa zinaletwa, mbili tatu kwa wiki. Lakini nilikuwa nasema hazipo.

Sasa nifike kwenye kosa, maana sitaki aliyesoma hadi hapa adhani namzungusha.

Enzi za shirika vitu vilikuwa vinatembea. Feni ya ofisini ilikutwa inapepea kwenye harusi Tandika. Mashine ya chapa ilionekana Mbagala ikipiga kadi za michango. Mkuu wa stoo wa wakati ule akaweka sheria: chochote kinachoingia stoo, siku hiyo hiyo kiandikwe namba ya mali kwa rangi nyeupe ya mafuta, na ikikauka kipitishiwe vanishi juu yake ili namba isikwanguliwe. Chochote, kuanzia saa ya ukutani na ndoo, mpaka koleo na bakuli la sukari la mkuu mwenyewe. Mwandika namba nilikuwa mie, kwa sababu ya mwandiko. Shuleni ndicho kitu pekee nilichosifiwa nacho. Shirika likauzwa, mkuu akaondoka, na hakuna aliyesema sheria imefutwa. Nikaendelea. Nilijivunia hata. Niliwadharau watu wa uhasibu, kompyuta zao mpya zimekaa pale uchi, hazina namba, kama mali isiyo na mwenyewe.

Kadi ililetwa jioni moja na kuachwa kwangu, mtaalamu afike asubuhi yake. Ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki wa rangi ya fedha. Nikaitoa. Nikatafuta pa kuandika. Kadi ile imejaa vidude kila mahali, sehemu iliyokuwa wazi ni ukanda mwembamba chini, juu kidogo ya yale meno ya rangi ya dhahabu ambayo ndiyo yanayozama ndani ya mashine. Nikaandika hapo, kwa brashi ndogo, namba safi kabisa. Ilipokauka nikapitisha vanishi, na mie si bahili wa vanishi. Kisha nikaisimamisha juu ya gazeti, imeegemea kopo, meno chini, kama sahani inayochuruzishwa maji. Usiku kucha ikachuruzika.

Aliyewahi kushika nyaya ameshaelewa. Mie sikuelewa. Vanishi nzuri ikikauka huioni.

Mtaalamu akafungua mashine asubuhi ile kwa madaha ya mganga anayetandika kaniki. Alikuwa kijana wa Kinondoni, mwenye kibegi cha ngozi na simu ya mkononi nene kama tofali ambayo sikuwahi kuisikia ikilia. Alisoma nje miezi tisa; alituambia mwenyewe, mara mbili. Mie aliniita sista. Alipoitoa kadi akaiona namba, akacheka, akauliza kama huku Temeke tunaziandika mpaka hizi. Nikamwambia ni sheria ya stoo. Akatikisa kichwa, akaikandamiza kadi kwenye nafasi yake, akaikaza skrubu.

Kazi yake, kadiri nilivyoielewa, ilikuwa hivi. Kila kadi ndani ya mashine ina namba yake ya kuitia, na mbili zikitumia namba moja zinagombana na hakuna inayosikika. Namba hiyo inapangwa kwa vikofia vya plastiki, vidogo kuliko punje ya mchele, unavichomoa na kuvichomeka kwa kibanio. Ukishapanga, unaiambia Unix kwamba kuna mgeni, na Unix haipokei mgeni hivi hivi. Lazima ijifume upya yenyewe kuanzia ndani kabisa, nusu saa nzima, nukta zikitambaa kwenye skrini. Kisha unaizima na kuiwasha, nayo inataja kimoja kimoja ilichokikuta ndani ya mwili wake: diski, printa, skrini zetu mbili za kijani. Tunasubiri itaje kadi. Haikuitaja.

"Itakubali," mtaalamu akasema.

Hilo lilikuwa neno lake. Alilisema siku ya kwanza, na ya pili, na ya tano. Daftari linaonyesha niliacha kulihesabu Jumatatu ya wiki ya pili. Akabadili vikofia, akaifuma upya, akazima, akawasha. Itakubali. Akahamisha kadi kutoka nafasi hii kwenda ile. Itakubali. Mama mwenzangu, macho yake yapo kwenye kibodi na vidole vinakwenda, akaniambia kwa sauti ya kusikika vizuri hadi kwa mtaalamu kwamba mwanangu, huyu bwana kaja kuposa, na bibi harusi hata jina lake hataki kulisikia.

Ulikuwa pia mwaka wa mgao wa umeme. Umeme ukikatika ghafla Unix inaamka na kiwewe, lazima diski ikaguliwe yote kabla haijakuruhusu kufanya kitu, na kazi hiyo ilikuwemo kwenye kijitabu changu. Basi mara tatu mtaalamu alilazimika kukaa pembeni kwenye rimu ya gurudumu, kibegi mapajani, mie niketi kwenye kiti chake na kuandika amri ambazo yeye hakuzijua. Nilizichapa polepole kuliko ilivyohitajika. Nilitaka aone. Mtu aliyesoma nje miezi tisa, anasubiri kama mgeni aliyefika chakula hakijaiva.

Nimesema nitakuwa mkweli, basi niseme na yake mazuri. Hakuchelewa hata siku moja. Chai ya ofisi hakuigusa, alikuja na chupa yake. Alipokuwa anafuma upya alikuwa anaandika kila alichobadili kwenye karatasi, ana mwandiko wa kuku lakini aliandika. Na hakuwahi kunikaripia. Haya yote niliyaona wakati ule ule, na nikayaandika, na bado nikamdharau, kwa sababu ni rahisi kumdharau mtu anayeshindwa mbele yako huku mkate wako umo mkononi mwake.

Wiki ya pili alianza kutafuta wa kulaumu. Kwanza ikawa waya. Akakata ncha akafunga mpya. Kisha vumbi, kisha hewa ya chumvi. Kisha Unix yenyewe, kwamba ni mfumo wa kizamani, huko nje watu wameshauacha. Hapo mama akamuuliza kama huko nje walimfundisha kuacha au kufunga. Nadhani alikuwa hajalala vizuri siku zile. Macho yake yalikuwa mekundu. Halafu siku ya Alhamisi, meneja amekuja kuangalia maendeleo, mtaalamu akasema taratibu, bila kuniangalia, kwamba wakati mwingine mtumiaji hugusa kitu bila kujua.

Meneja akanigeukia. Akaniuliza kama kuna nilichogusa.

"Sijagusa kitu," nikasema.

Nilisema kwa sauti. Na niliongeza, Mungu anisamehe, kwamba kama kuna mtu hajui kazi yake aseme, asitafute mnyonge wa kumtwika. Mama alikohoa kwa furaha. Meneja akatazama chini. Mtaalamu uso ukamwiva. Mie nilikwenda nyumbani nimevimba kama andazi, nikamsimulia mume wangu yote, isipokuwa habari ya rangi na vanishi, kwa sababu haikunijia hata kwamba ni habari.

Wiki ya tatu hakuna jipya. Wenye mali walikuwa wanatarajiwa Jumatatu inayofuata. Alhamisi jioni mtaalamu alifunga kibegi akasema kesho atakuja kuandika ripoti: mashine haifai kuunganishwa. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya msiba, na nitamtendea haki, hakufurahi. Mama aliacha masimango siku ile. Alinikatia kipande cha muhogo wake, akanisukumia.

Ijumaa nilifika saa moja asubuhi. Kwa sheria ya stoo, kifaa kikishindikana kinarudishwa kwa hati, na kabla ya kuandika hati lazima mtunza stoo akitoe, asome namba yake na kuilinganisha na leja. Hakuna aliyenituma. Ningeweza kungoja ripoti. Lakini mie ndivyo nilivyo, mtu akinifukuza naondoka nimefagia. Nikafungua mashine, nikalegeza skrubu, nikaichomoa kadi, nikaenda nayo dirishani kusoma namba.

Jua lilikuwa linaingia kwa ubavu. Namba yangu ilikuwa inang'aa vizuri. Chini ya namba, meno hayakung'aa. Yalikuwa na ukungu, kama jicho la mzee. Na pale yaliposuguana na mashine kwa kuchomekwa na kuchomolewa wiki tatu, kulikuwa na kitu kimejikunja, chembamba kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Nikagusa kwa ukucha. Kikavutika, uzi mrefu, hauna rangi. Chini yake dhahabu.

Nilikaa kwenye ile rimu ya gurudumu. Nilijua kabla sijajua. Na jambo la kwanza lililonijia halikuwa mashine wala kazi wala watoto. Lilikuwa ni mume wangu, barazani, na redio zake, na vile vikoili vyake vya waya anavyovipaka vanishi ili umeme usivuke kutoka waya hadi waya. Alishanieleza siku moja, nikampigia miayo. Ningemtajia tu kwamba nimeipaka kadi vanishi, angenijibu kabla sijamaliza sentensi. Lakini mie nilikuwa na dharau ya kutosha kwa watu wawili, nikaigawa sawasawa kati ya mtaalamu na mume wangu, sikujibakizia hata chembe.

Rafuni kulikuwa na thina ya rangi. Nikalowesha kitambaa, nikasugua jino moja moja, pande zote mbili, kisha nikapitisha ufutio wa penseli mpaka meno yakawa kama ya mtoto. Sikuifuta namba. Nikairudisha kadi mahali pake. Nikawasha.

Ikataja diski. Ikataja printa. Ikataja skrini zetu. Halafu ukaja mstari ambao sikuwahi kuuona, jina la kadi na namba yake ndefu, ukapita kama si kitu, kama vile ulikuwepo siku zote na sisi ndio vipofu. Mama alikuwa ndiyo anaingia. Nikamwomba akawashe kompyuta ya uhasibu. Mtaalamu alikuwa ameniachia kwenye karatasi amri ya kujaribia, ile inayoita kompyuta nyingine na kungoja iitike. Nikaiandika. Ikaitika. Kila sekunde mstari mmoja, inaita, inaitikiwa. Nikaiacha itiririke.

Mama akasimama nyuma yangu akaniuliza nimeifanya nini. Nikasema nimeisafisha. Lilikuwa neno la kweli, lakini nililikata mkia.

Nitaeleza niliyoyawaza kati ya saa mbili na saa tatu, kwa sababu daftari halina. Niliwaza kwamba hakuna anayejua. Niliwaza kwamba nikinyamaza, mie ndiye niliyeiponya mashine iliyomshinda aliyesoma nje, na meneja atanipa kiti chenye mikono. Niliwaza kwamba nikisema, nimemdanganya meneja usoni, nimewapotezea wiki tatu, na hakuna mwajiri mwenye akili atakayemwacha mtu wa hivyo karibu na mashine. Nilimhurumia mtaalamu kidogo. Si sana. Kisha nikakumbuka jinsi nilivyosema asitafute mnyonge wa kumtwika.

Saa tatu kamili akaingia. Akaiona mistari inatiririka. Sijawahi kuona mtu mzima akifurahi vile. Aliweka kibegi chini kwenye mafuta ya gari bila kuangalia. Akasema alijua. Akasema ile namba aliyoipanga jana jioni ndiyo yenyewe, ilihitaji tu mashine ipoe.

Hapo ndipo dharau yangu ilipotaka kuniokoa. Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo nimwambie kupoa ni kwa uji. Yakatoka mengine.

"Kaka, si namba yako. Ni mie. Niliipaka vanishi."

"Vanishi gani?"

Nikamwonyesha kopo. Nikamwonyesha kitambaa, na ile ngozi niliyoibandua, nilikuwa nimeiweka kwenye kifuniko. Akaishika kwa vidole viwili, akaitazama kwenye mwanga. Mama alikuwa amerudi uhasibu. Nilingoja anitukane, na kusema kweli nilitaka anitukane, ili tulingane.

"Meneja anajua?" akauliza.

"Hajui. Nitamwambia."

"Usimwambie."

"Nilimwambia sijagusa kitu. Mbele yako."

"Nakumbuka," akasema. Akairudisha ile ngozi kwenye kifuniko. "Na mie namba yako niliiona siku ya kwanza, sista. Niliiona, nikacheka, nikaichomeka."

Akavuta kiti, akatoa karatasi, akaandika ripoti yake. Aliandika kwa Kiingereza, wakati ule kila kitu cha maana kiliandikwa kwa Kiingereza, kisha akanisomea kwa Kiswahili: kwamba meno ya kadi yalikuwa na utando uliotoka nao kiwandani, kwamba utando umeondolewa na mtaalamu akisaidiana na mtunza mashine, kwamba mtandao unafanya kazi. Chini palikuwa na nafasi ya shahidi. Akanipa kalamu. Kiingereza changu hakikutosha kuhakiki kama alichoandika ndicho alichosoma, hivyo nikanakili ripoti yote kwenye daftari langu, herufi kwa herufi, na jioni nikatafuta maneno yake kwenye kamusi ya mtoto. Ilikuwa ndivyo. Alisema uongo kwa uaminifu. Lakini hiyo ilikuwa jioni, na saini nilikuwa nimekwisha tia.

Saa kumi tulipanda kwa meneja. Kwenye skrini yake nyeupe zilikuwa zimejipanga shokomzoba, bushi, mikanda ya feni, kila kimoja na idadi yake, kutoka kwenye mashine yetu ya chini. Alizitazama kama mtu anayetazama samaki kwenye tangi. Akasoma ripoti. Akampa mtaalamu mkono. Akaniambia, "Dada, unabaki," kwa ile sauti yake ya chumvi, nami nikaona aibu.

Halafu akauliza, bila ubaya, kwa hiyo halikuwa kosa la mtu. Mtaalamu akasema ni la kiwanda. Meneja hakuridhika, akanitazama mie. Alishanizoea kwamba nikisikia hata tarehe imekosewa lazima niirekebishe. Aliwahi kunicheka kwa hilo. Alingoja nirekebishe.

Nikatikisa kichwa. Sikusema neno, nilitikisa tu kichwa, kwamba hapana, halikuwa la mtu.

Nilifanya kazi pale miaka sita zaidi. Watoto wamesomeshwa na kile kichwa kilichotikiswa. Nimelichambua jambo hili mara nyingi na bado silimalizi. Kuna siku nasema yule kijana alinionea huruma. Alijua nina watoto, mama alishamwambia. Kuna siku nasema hapana, alijiokoa mwenyewe, maana angeandika vanishi, meneja angemuuliza macho yake yalikuwa wapi wiki tatu, na kampuni ya kumlipa mtu kama huyo isingepatikana tena. Siku nyingine nasema vyote viwili, na hilo ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu mtu niliyemdharau nilitaka niwe nimemjua mpaka mwisho.

Alipoondoka jioni ile nilimsindikiza mpaka getini. Alinipa mkono. Neno asante lilikuwa limefika kooni, nikaona nikilitoa nitakuwa namshukuru kwa uongo. Na kuomba radhi nikaona ni kufungua tena kilichokwisha fungwa. Nikamwambia afike salama. Akasema haya sista, akavuka barabara, na tai yake ilikuwa imepigwa doa la mafuta ambalo hakuna aliyemwambia.

Nami nililiona.